Kaunti zifungue dawati la filamu, zisingoje Nairobi

Mhariri,

Msimu wa tuzo za Kalasha ukikaribia, malalamiko hurudi yale yale Kisumu, Kakamega, Nakuru na kwingineko huku kwetu: serikali imetusahau, pesa za filamu zinaishia Nairobi, vijana wana vipaji lakini hawana wa kuwashika mkono. Malalamiko hayo yana ukweli, ila mengi yanabisha mlango usio wake. Afisi inayoweza kumrahisishia kazi mtayarishaji wa Kondele mjini Kisumu au wa Lanet kule Nakuru kuliko nyingine yoyote haiko Nairobi. Iko katika makao makuu ya kaunti yake, na ni wachache wanaoidai chochote.

Kwanza tujue nani anafanya nini, maana hapa ndipo wengi hupotezea wiki nzima. Tume ya Filamu, KFC, iliundwa kwa tangazo la kisheria la 2005 na ikaanza kazi 2006. Jukumu lake ni kukuza na kutangaza: kuinadi Kenya kama mahali pa kurekodia filamu, kutoa mafunzo na ruzuku, kuwakutanisha watayarishaji na wanunuzi, na kuandaa Kalasha tangu 2009. Haitoi leseni. Leseni ya kurekodi hutolewa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura 222. Hakimiliki husajiliwa na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Kanuni za kile kinachoruhusiwa hewani na saa zake ziko mikononi mwa Mamlaka ya Mawasiliano. Majina ya KFC na KFCB yanafanana mno, na kuna watu wanaoilaumu tume kwa sababu ya uamuzi wa bodi, au wanaoiomba bodi ruzuku ambayo haina.

Sura 222 inataka ombi la leseni liambatane na maelezo kamili ya matukio yote ya filamu pamoja na maneno yote yatakayosemwa. Si muhtasari wa kurasa mbili. Hapo ndipo vikundi vingi vya vichekesho hukwama, kwa kuwa vimezoea kutunga papo hapo mbele ya kamera. Kinachofaa ni kuandika mazungumzo hata kama waigizaji watayanyoosha kidogo siku ya kurekodi, na simulizi ikibadilika katikati, kuiarifu bodi kwa maandishi. Kwa filamu za Kijaluo, Kiluhya au Ekegusii, ambatanisha tafsiri ya Kiswahili au Kiingereza tangu mwanzo. Afisa asiyejua lugha hiyo hawezi kukadiria asichokielewa, na tafsiri hiyo hiyo utaihitaji baadaye kwa maandishi ya chini ya skrini.

Jambo la pili linalowaponza watu ni kudhani leseni ya kurekodi ndiyo pia ruhusa ya kuonyesha. Ni vitu viwili mbali mbali. Filamu ikikamilika hurudi kwa bodi ili ipewe alama ya umri: GE kwa watazamaji wote, PG kwa watoto wakiwa na mwongozo wa wazazi, 16, au 18. Kuionyesha hadharani bila cheti hicho, hata katika kibanda cha video au ukumbi wa kanisa, ni kosa. Na alama hiyo inagusa mfuko wako moja kwa moja, kwa sababu vituo vya runinga haviruhusiwi kupeperusha maudhui ya watu wazima kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku. Tusi moja lisilo na kazi katika simulizi linaweza kukuondoa kwenye saa moja jioni, wakati familia zimeketi sebuleni, likakutupa usiku wa manane.

Hebu sasa tuseme leseni imepatikana. Chukua filamu ya dakika 30 kuhusu mvuvi wa Ziwa Victoria, yenye mandhari tano: ufuo wa Dunga alfajiri, soko la Kibuye, stesheni ya reli ya Kisumu, picha ya ziwa kutoka angani, na tukio la polisi kumkamata mtu barabarani. Inaonekana kazi ndogo. Lakini Dunga lazima uzungumze na kamati ya usimamizi wa ufuo, BMU, ndio wenye mamlaka ya kila siku pale. Kibuye ni soko la kaunti, na kuna viongozi wa wafanyabiashara ambao wasipoarifiwa mapema hakuna mama atakayekubali kibanda chake kionekane. Stesheni ni mali ya Shirika la Reli. Ndege isiyo na rubani ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, chini ya kanuni za 2020: chombo kisajiliwe, anayekiendesha kibiashara awe na leseni, asipite futi 400 kutoka ardhini, wala asikipoteze machoni. Uwanja wa ndege wa Kisumu uko kando ya ziwa, kwa hivyo usirushe kitu sehemu hizo kabla ya kupata idhini ya wasimamizi wa anga. Sare za polisi na bunduki za bandia zinahitaji kibali cha maandishi cha Huduma ya Polisi, na mkuu wa kituo cha polisi, OCS, wa eneo lile awe na nakala mezani mwake siku hiyo, la sivyo raia watapiga simu na kikosi halisi kitafika. Ukitaka kuongeza swala wa hifadhi ya Impala, hapo utapitia Huduma ya Wanyamapori, KWS.

Ni milango sita, na leseni ya KFCB haifungui hata mmoja kwa niaba yako. Tume ya Filamu inaweza kukuandikia barua ya utambulisho, na barua hiyo husaidia sana kwa mashirika ya kitaifa. Lakini haiwezi kumzuia askari wa kaunti aliyesimama mbele ya kamera saa mbili asubuhi akiuliza risiti. Katika kaunti nyingi hakuna anayejua ada halisi ya kurekodi barabarani au sokoni ni ngapi, italipwa wapi, na kama mwanafunzi analipa sawa na kampuni ya matangazo ya biashara. Pasipo na bei iliyoandikwa, kila afisa hutaja yake. Unalipa asubuhi, mchana anakuja mwingine na zamu yake. Kikosi cha watu 15 kikisimama saa tatu, umeshalipia kamera, jenereta, chakula na nauli bila picha hata moja, na mwanga uliokuwa umeupanga umeondoka.

Ndiyo maana tunasema kaunti zifungue dawati la filamu. Si hisani tunayoomba. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka sinema, maonyesho ya video, makavazi, shughuli za utamaduni na fuo za kaunti katika orodha ya majukumu ya kaunti. Masoko, maegesho, barabara za kaunti na bustani pia ni zao. Kisumu ni jiji la siku nyingi, Nakuru ikapandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, na Kakamega ina msitu wa mvua ambao hakuna mwingine kama huo nchini. Vyote hivi ni bidhaa, ila havina muuzaji.

Dawati lenyewe halihitaji jengo. Linahitaji afisa mmoja mwenye mamlaka ya kuandika barua inayoheshimiwa na idara zote za kaunti, fomu moja, orodha moja ya ada iliyobandikwa hadharani, na namba ya kulipia ili pesa zisipite mkononi. Barua itaje tarehe, saa, mahali, idadi ya watu na magari, na nakala ziende kwa msimamizi wa soko, kwa mkuu wa askari wa kaunti na kwa OCS. Ada iwe na madaraja: wanafunzi na filamu fupi za wenyeji wasilipe, tamthilia za runinga zilipe kiasi, matangazo ya biashara na kampuni za kigeni zilipe zaidi. Kampuni ya kigeni hata hivyo hulazimika kufanya kazi kupitia wakala wa filamu aliyesajiliwa nchini, na wakala huyo angependa sana kupiga simu moja Nakuru badala ya simu tisa.

Kazi kubwa ya dawati, na ambayo ingeleta faida upesi zaidi, ni kutengeneza kadi za mandhari. Picha nzuri za watalii hazimsaidii mwelekezi. Anachohitaji ni kile ambacho mwenyeji tu ndiye anakijua. Kadi ya Dunga, kwa mfano, ingesema hivi: jua huchomoza upande wa nchi kavu, nyuma ya mgongo wako ukitazama ziwa, na huzama majini jioni. Anayetaka picha ya jua likiibuka kutoka kwenye maji asije Dunga, atarudi na machozi. Ingesema gugumaji hutembea na upepo, kwamba asubuhi maji yanaweza kuwa wazi na kufikia saa nane mashua haipiti, kwa hivyo picha zote za mashua zirekodiwe kwa mfululizo siku moja, la sivyo mvuvi ataondoka kwenye maji meupe na kufika kwenye zulia la kijani. Ingesema injini za mashua zinasikika mbali majini, hivyo mazungumzo yarekodiwe kabla wavuvi hawajaanza kurudi, na kwamba kila anayepanda mashua, mwigizaji na mbeba maikrofoni, avae jaketi la kujiokolea mpaka kamera iwe tayari. Ingesema pia soketi ya umeme iko wapi, gari kubwa linageukia wapi, choo kiko wapi na ufunguo unakaa na nani.

Kadi ya msitu wa Kakamega ingeanza na jambo linalowachanganya hata wenyeji: upande wa kaskazini, Buyangu, uko chini ya KWS, na upande wa Isecheno uko chini ya Huduma ya Misitu. Kibali cha huku hakitambuliwi kule. Chini ya miti mwanga ni hafifu hata adhuhuri, kwa hivyo lenzi yenye mdomo mpana wa kupitisha mwanga mwingi ni lazima. Mvua nayo hupenda kuja alasiri, ikitanguliwa na radi. Picha za nje zipangwe kuanzia alfajiri hadi saa sita, alasiri iachiwe matukio ya ndani, na nyumba iliyoezekwa mabati isitumiwe kwa mazungumzo mvua ikinyesha, kwa maana hakuna programu itakayouondoa mshindo ule.

Nakuru kuna kreta ya Menengai, ambako upepo wa ukingoni huharibu sauti ya maikrofoni isiyovishwa manyoya, na kuna hifadhi ya Ziwa Nakuru ambako maji yalipanda yakameza barabara na miti, hivyo picha za miaka ya nyuma si ramani ya kuaminika tena. Hata heroe, wale ndege wa waridi, huhama. Mtu asitumiwe picha ya zamani halafu aje na lori la vifaa kutafuta ufuo wa waridi.

Narudi kwa Tume ya Filamu na ruzuku zake, kwa sababu hapa lawama zetu wenyewe ni kubwa. Ruzuku hutangazwa kwa awamu, na ombi hupimwa kwa karatasi kabla ya kipaji. Kinachotakiwa kwa kawaida ni wazo la filamu kwa sentensi moja au mbili, muhtasari, skripti kamili, maelezo ya mwelekezi, ratiba, bajeti, majina na kazi za awali za wahusika wakuu, cheti cha kusajili biashara au kampuni, PIN ya KRA na cheti cha kutii sheria za ushuru. Cheti hicho huisha baada ya miezi 12. Ombi zuri linaweza kuanguka kwa sababu kiliisha wiki iliyotangulia, au kwa sababu mwenye biashara hakuwasilisha hata ripoti ya mapato sufuri.

Kuna karatasi moja inayosahaulika kuliko zote: mkataba wa mwandishi wa skripti. Mwandishi ni rafiki, mmesoma pamoja, mlipatana kwa mdomo hotelini mkinywa chai. Lakini kisheria hakimiliki ya skripti aliyoitunga mwenyewe, bila kuagizwa wala kuajiriwa kuiandika, ni yake mpaka aihamishe kwa maandishi na kutia sahihi. Bila karatasi hiyo mtayarishaji anaomba pesa za kutengeneza mali ya mtu mwingine, na hakuna mfuko wa umma wala kituo cha runinga kitakachogusa. Hali ni ile ile kwa wimbo. Ruhusa ya mtunzi haitoshi, kwa kuwa rekodi yenyewe inaweza kuwa ya studio au ya aliyegharamia, na huyo naye lazima akubali. Ikiwa hadithi imetoka kwenye maisha ya mtu aliye hai, achukuliwe sahihi yake. Mtoto akiigiza, mzazi au mlezi atie sahihi na awepo mahali pa kurekodia.

Bajeti nazo huangushwa na mambo yanayojirudia. Ukurasa mmoja wa skripti ni takribani dakika moja ya filamu, kwa hivyo skripti ya kurasa 90 kurekodiwa kwa siku nne ni ndoto, na anayesoma ombi hulijua hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa ratiba. Wengi hutenga karibu kila kitu kwa kamera na waigizaji, kisha huacha uhariri, kusawazisha rangi, kuchanganya sauti na tafsiri bila shilingi. Tenga asilimia 10 ya dharura, na uisimamie kama si yako. Malipo ya huduma za kitaalamu hukatwa ushuru wa asilimia 5 kabla ya kulipwa, kwa hivyo kiasi ulichomwahidi mtu na kiasi atakachopokea si kimoja, na hilo lielezwe kabla ya siku ya kwanza. Tangu 2024 gharama za biashara zinatakiwa kuungwa mkono na ankara za eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa KRA. Mama anayepikia kikosi na mwenye pikapiki waulizwe mapema watazitoaje, maana ruzuku ya umma hukaguliwa, na aliyeshindwa kuonyesha matumizi ya awamu ya kwanza asitarajie ya pili.

Upande wa ufundi nitataja sauti peke yake, na umeme kidogo. Filamu nyingi za huku zinakataliwa na vituo kwa sababu ya sauti, wala si picha. Mtazamaji husamehe picha yenye chembe, ila hasamehi mazungumzo yanayomezwa na boda boda. Aliye na maikrofoni asiwe pia mshika taa. Avae visikizi muda wote, na kila mandhari ikimalizika kikosi kizima kinyamaze sekunde 30 ili arekodi mlio mtupu wa chumba kile. Mhariri wa sauti asipokuwa nao, kila mkato utasikika kama mlango unaofungwa. Blanketi nzito mbili ukutani na moja sakafuni zinatuliza mwangwi wa nyumba ya saruji. Jenereta ikae mbali, nyuma ya ukuta, na nyaya ziwe ndefu za kutosha. Umeme wetu ni wa hezi 50, basi rekodi fremu 25 kwa sekunde na shata ya moja ya hamsini ya sekunde, ndipo taa za ndani zisipepese kwenye picha. Na nakala ziwe tatu kabla kadi ya kamera haijafutwa, moja ikilala nyumba tofauti. Diski moja ikianguka ndani ya matatu, filamu imekwisha.

Haya yote yanaweza kufundishwa kwa siku tatu, ukumbini, na mtu anayeifanya kazi hii. Nakuru Players Theatre ipo. Kisumu kuna ukumbi wa Mama Grace Onyango. Mashindano ya kitaifa ya drama na filamu ya shule yamewapa wanafunzi nafasi ya kutengeneza filamu fupi, na magharibi ya nchi hii ina mapenzi makubwa ya jukwaa. Wakimaliza kidato cha nne mkono unaowaongoza unakatika, na ndipo dawati la kaunti lingewapokea: mafunzo mara mbili kwa mwaka, chumba kimoja chenye kompyuta mbili za kuhariria kinachokodishwa kwa saa, na mtu wa kupitia fomu zao kabla hazijaenda kwa tume. Hilo la mwisho halina gharama kabisa.

Soko nalo lipo, hata kama linalipa kwa mkono mzito. Mamlaka ya Mawasiliano iliwawekea watangazaji kiwango cha chini cha asilimia 40 ya vipindi vya humu nchini, kwa hivyo vituo vinahitaji kujaza saa. Mtayarishaji asiuze filamu yake moja kwa moja milele kwa bei ya kukata tamaa. Akodishe haki: kituo kipi, nchi zipi, mara ngapi, kwa miaka mingapi, na intaneti iwe ndani au nje. Mistari hiyo mitano ndiyo itakayoamua kama filamu ile italipa karo ya mtoto mwaka ujao.

Kwa wanaotaka dawati hili, kalenda ya bajeti ya kaunti inajulikana. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya sera ya fedha Februari 28, na makadirio ya matumizi Aprili 30. Katika kila hatua umma huitwa kutoa maoni, na maoni ya maandishi ndiyo yanayohesabika. Andikeni ukurasa mmoja. Katika mpango wa maendeleo ombeni dawati na afisa wake chini ya idara inayosimamia utamaduni, na katika makadirio ombeni mshahara wake na pesa za kuandaa kadi za mandhari 20 za kwanza. Kisha msubiri Mswada wa Fedha wa kaunti, kwa maana humo ndimo ada huwekwa. Ombeni kipengele cha kurekodi filamu kiandikwe peke yake, kikitenganishwa na matangazo ya mabango, chenye msamaha kwa wanafunzi na filamu fupi za wenyeji. Bakini na nakala iliyopigwa muhuri wa mapokezi, na mwakilishi wadi apewe yake mkononi.

Mtayarishaji wa filamu,
Kisumu